Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: sTREM-1, nimonia, na ile namba ya Jinja

Tangu habari za utafiti wa Jinja, ule uliopima protini ya damu inayoitwa sTREM-1 kwa watoto wa Uganda wenye homa kuona nani yuko kwenye hatari ya kufa, zianze kuzunguka kwenye simu, maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, nimeanza na yale mepesi halafu yale ya kuumiza kichwa yako chini. Ukiona nimekwambia nenda swali namba fulani, nenda tu, sitaki kuandika kitu kimoja mara tatu.

## Mambo ya mwanzo

1. sTREM-1 ni nini hasa? Ni ugonjwa, ni dawa ama ni kipimo?

Si ugonjwa na si dawa. Ni kipande cha protini kinachoelea kwenye damu na kwenye majimaji mengine ya mwili, na kila mtu anacho, hata wewe unayesoma hapa ukiwa mzima kabisa, tofauti ni kiasi tu. Ukiwa mzima kinakuwa kidogo sana, mpaka wanakipima kwa pikogramu, ukishikwa na maambukizi makali kinapanda. Sasa kwa sababu kinapanda, watu wa maabara wanakipima, na ndio maana wengine wakikisikia wanadhani ni jina la kipimo.

TREM-1 bila ile "s" ya mbele ni ile iliyoshikana na seli. Yenye "s" ni ile iliyoachana na seli ikabaki inaelea. Hizi mbili hazifanyi kazi moja, na ukizichanganya majibu yote ya huku chini yatakuchanganya pia.

2. Hiyo ya kwenye seli inafanya kazi gani?

Ni kipokezi, yaani inakaa juu ya seli ikingoja kuguswa. Utaikuta kwenye seli nyeupe zinazokimbilia vita mwanzo kabisa, neutrofili na monosaiti, pia kwenye makrofeji, na humo wamo wale makrofeji wanaokaa ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu, wanaokula vumbi na vijidudu kila siku bila wewe kujua.

Kitu cha kuelewa hapa ni kwamba TREM-1 si yenyewe inayomtambua bakteria mwanzo. Kuna vipokezi vingine vya kazi hiyo, vinaitwa TLR. TREM-1 inaongezea nguvu. Fikiria kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulisha mchumba, msemaji anaongea kwa mdomo wake wa kawaida, halafu yule kijana wa mashine anapandisha sauti mpaka kijiji cha pili wanasikia mahari ni ng'ombe wangapi. Ndani ya seli TREM-1 inashikana na protini nyingine inaitwa DAP12, hiyo ndiyo inapeleka ujumbe, na matokeo yake seli inamwaga kemikali za kuwasha moto kama TNF na IL-8, na neutrofili wengine wanaitwa waje.

3. Kama ni kipokezi cha kwenye seli, mbona kinapatikana kwenye damu?

Njia ziko mbili. Ya kwanza, seli ikishawaka, kuna vimeng'enya vinaitwa metaloproteinezi vinakata ile sehemu ya nje ya kipokezi, inadondoka, inaondoka na damu. Ya pili, seli inaweza kutengeneza toka mwanzo toleo fupi ambalo halina sehemu ya kushikilia kwenye ukuta wa seli, hilo linatoka moja kwa moja.

Ikishakuwa nje bado inaweza kushikana na vile vitu ambavyo vingeenda kugusa TREM-1 ya kwenye seli. Kwa hiyo inavizuia njiani, na kwa namna hiyo inapunguza moto. Watu wanashangaa hapa: ile inayoelea ni ishara kwamba moto umewaka, na wakati huo huo ni moja ya njia za mwili za kujaribu kuuzima. Kwa hiyo ukiona namba iko juu usiseme "hii sTREM-1 ndiyo inamuua". Hiyo ni ishara ya vita, si adui.

4. Basi TREM-1 yenyewe ni nzuri ama ni mbaya?

Inategemea unauliza saa ngapi na wapi, na hapa ndipo mapafu yanakuwa na mambo yake.

Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba panya waliofungiwa TREM-1 waliokoka kwenye sepsisi kali, yaani ule uchafuzi wa damu unaoangusha presha na kuzima viungo. Kila mtu akafurahi, kumbe tukiizima tunaokoa watu. Halafu wengine wakachukua panya wasiokuwa kabisa na TREM-1 na ndugu yake TREM-3, wakawapa nimonia ya bakteria anayeitwa Pseudomonas, na hao wakafa kwa wingi kuliko wale wa kawaida. Sababu iliyoonekana mwaka 2013 ni kwamba neutrofili walifika mpaka kwenye mapafu lakini wakashindwa kuvuka ule ukuta wa njia ya hewa kuingia kule bakteria waliko. Askari wamefika, mlango hawawezi kuuvuka. Kwa nimonia ya Klebsiella pia, panya wasiokuwa nayo walifanya vibaya.

Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema tu "TREM-1 ni mbaya, izimwe", najua amesoma nusu. Bila hiyo mapafu hayasafishiki, ikizidi mapafu yanaungua pamoja na bakteria. Habari za dawa ya kuizima ziko swali la 17.

5. Iligunduliwa lini na nani?

Mwaka 2000, na Axel Bouchon na Marco Colonna na wenzao, wakiwa Basel, Uswisi. Ile kazi ya panya na sepsisi ya mwaka 2001 pia ni yao.

## Nimonia na hii namba

6. Je, kipimo hiki kinaweza kusema mtu ana nimonia?

Kuna wakati watu waliamini hivyo kabisa. Mwaka 2004 Sébastien Gibot na wenzake wa Nancy, Ufaransa, walichukua wagonjwa 148 waliokuwa ICU, yaani wodi ya mahututi, kwenye mashine ya kupumulia, wakaosha mapafu yao kwa maji kidogo, wakatafuta sTREM-1 kwenye yale maji. Ilikamata 98 kwa 100 ya wenye nimonia, na kwa wasiokuwa nayo ilisema hapana kwa 90 kati ya 100. Namba kama hizo kwenye maabara ni adimu, watu waliruka.

Halafu hospitali zingine zikajaribu, na matokeo hayakuwa matamu hivyo. Wengine waliona watu wasiokuwa na nimonia wana sTREM-1 ya kutosha kwenye mapafu, wengine walikosa tofauti ya maana. Hii si kusema wale wa mwanzo walidanganya, ndivyo inavyokuwa kipimo kikitoka kwenye wodi moja kikaenda kwenye wodi nyingine zenye wagonjwa wengine na mitambo mingine. Leo kama mtu anakwambia sTREM-1 peke yake inathibitisha nimonia, mwambie hapana. Nguvu yake iko kwingine, soma swali la 10.

7. Inaweza kutofautisha bakteria na virusi?

Kwa wastani bakteria wanaipandisha zaidi, na mwanzoni hiyo ndiyo ilikuwa hoja kubwa. Lakini wastani haukusaidii mbele ya mtoto mmoja. Virusi wakali wanaipandisha pia, kwa mfano wagonjwa wa Covid waliozidiwa walikuwa nayo juu. Malaria kali inaipandisha. Kwa hiyo kusema "iko juu basi ni bakteria, nipe antibayotiki" ni kuruka hatua.

8. Ina tofauti gani na CRP ama prokalsitonini ambazo kliniki zingine za Kampala zinapima?

CRP, protini nyingine ya damu, inatengenezwa na ini baada ya kupata habari kwamba kuna moto mahali, kwa hiyo inachelewa kidogo na inapanda kwa karibu kila kitu, malaria ikiwemo, na ndio maana kwetu hapa CRP ya juu haikuambii mengi. Prokalsitonini inaelekea zaidi kwa bakteria, lakini malaria kali inaivuruga nayo. sTREM-1 inatoka kwenye zile seli zenyewe zinazopigana.

Kwa swali la "ni kijidudu gani", zote tatu zina mapungufu. Kwa swali la "huyu yuko kwenye hatari kiasi gani", ndipo sTREM-1 inawaacha wenzake.

9. Wanachukua damu ama wanachukua maji ya mapafu?

Yale maji ya mapafu ni ya mgonjwa aliyeko ICU tayari ana mpira kooni, huwezi kumfanyia mtoto aliyebebwa mgongoni amefika hesienta (kituo cha afya) asubuhi. Kwa watoto wa huku kwetu ni damu. Na kumbuka hazilingani, iliyo juu kwenye mapafu inaweza kuwa ya kawaida kwenye damu kama moto bado uko mahali pamoja haujamwagika mwilini. Kwa hiyo ukisoma ripoti angalia kwanza ni sampuli gani kabla hujalinganisha namba.

## Kwetu Uganda

10. Utafiti wa Jinja ulisema nini? Kila mtu anautaja lakini hakuna anayeeleza.

Haya. Watoto 2,502 wa Uganda, umri wa miezi 2 mpaka miaka 5, waliofika hospitali ya rufaa ya Jinja wana homa na wakalazwa. Damu ilichukuliwa walipofika, ikapimwa sTREM-1 pamoja na alama nyingine 10 za kwenye damu, halafu ikaangaliwa nani alitoka mzima na nani alifia hospitali. Matokeo yalitoka mwaka 2021.

Kati ya alama zote 11, sTREM-1 ndiyo iliyobashiri vifo vizuri kuliko wenzake. Kuna kipimo cha ubashiri ambacho 0.5 ni sawa na kurusha shilingi na 1 ni kupatia kila mara, yenyewe ilipata kama 0.89, na walipoirudia kwa kundi la pili la watoto ikapata 0.90. Haikuanguka, na hiyo ndiyo sehemu iliyonishika mimi, juu vipimo vingi vinang'aa kwenye kundi la kwanza halafu kwenye la pili vinalala.

Kisha wakawagawa watoto mafungu matatu. Fungu la chini lilikuwa na watoto 1,306, zaidi ya nusu ya wote, na makadirio ya vifo humo yalikuwa 0.5 kwa 100. Fungu la kati 942, vifo 3.9 kwa 100. Fungu la juu watoto 212 tu, na humo vifo vilikuwa 31.8 kwa 100. Rudia hiyo ya mwisho polepole. Karibu mtoto mmoja kwa kila watatu. Na wote hawa walifika wamebebwa wana homa, kwa macho wengi walifanana.

11. Mbona walipima watoto wa homa yoyote? Si tulikuwa tunaongea nimonia?

Kwa sababu mtoto hafiki mlangoni na karatasi shingoni imeandikwa nimonia. Anafika anachemka, anapumua mbio, kipimo cha malaria kinasoma ndiyo, na mama anasema kikohozi kilianza juzi. Ni malaria ama ni nimonia ama ni zote mbili? Kwenye wodi za Busoga na Mbale hiyo ndiyo kazi ya kila siku. Hata malaria kali peke yake inaweza kumfanya mtoto apumue mbio, juu damu imejaa asidi ama imepungua.

Wazo la sTREM-1 ni kuruka hilo bishano kwa dakika chache. Kabla hujajua jina la ugonjwa, jua kwanza huyu anahitaji kitanda sasa hivi ama anaweza kungoja kwenye benchi. Jina la ugonjwa litafuata na lazima lifuate, maana dawa inaenda kwa jina.

12. Naweza kwenda kupimwa wapi? Mulago wanapima? Ni bei gani?

Si kipimo cha kawaida cha hospitali. Huwezi kwenda dirishani ukasema nipime sTREM-1 kama unavyosema nipime malaria. Inapimwa kwenye utafiti, na mashine ikiwa ya maabara kubwa inachukua masaa. Kuna watu wanatengeneza kile cha haraka, tone la damu na jibu pale pale, na hiyo ndiyo itakuwa ya maana kwa vituo vya ngazi ya tatu na ya nne, juu jibu linalotoka kesho kwa mtoto anayezidiwa leo ni la kuandikia ripoti tu.

Mtu akikuuzia "kipimo cha kinga ya mapafu" kwenye kliniki ya barabarani akakitaja jina hili, weka hela yako mfukoni.

13. Sasa bila hicho kipimo nitajuaje mtoto yuko hatarini?

Kwa macho na kwa saa. Hapa nitaandika kirefu kidogo.

Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya, mama amshike mapajani. Pandisha shati uone kifua na tumbo kabisa, usihesabu juu ya sweta. Hesabu kupanda na kushuka ni moja, kwa dakika nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili maana watoto wadogo wanapumua kwa kubadilika badilika. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Miezi 2 mpaka 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 mpaka chini ya 5, ni 40 au zaidi. VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) wengi wana kile kisaa cha kuhesabia na wamefundishwa, mwite bila aibu hata kama ni usiku.

Kisha angalia chini ya mbavu. Mtoto akivuta hewa na pale chini pakazama ndani badala ya kutoka nje, hiyo nenda kituo cha afya. Na kama hawezi kunyonya ama kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, ama midomo imekuwa rangi ya bluu, hapo hakuna kuhesabu tena, tafuta boda uende hospitali yenye oksijeni. Usipitie duka la dawa kwanza kununua kapsuli mbili za kujaribu. Watu wa huku wakisema lubyamira, yaani nimonia, imemshika mtoto wanajua ni kitu cha kuua, lakini bado masaa yanapotea dukani.

Kama kituo kina kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, omba kitumike. Chini ya 90 kwa 100, mtoto anahitaji oksijeni. Kile kidude ni cha bei ndogo kuliko kipimo chochote cha damu ninachoandika hapa, na kwa maoni yangu kingetangulia kufika kila kituo kabla hatujaanza kudai sTREM-1.

14. Tuseme kipimo kimefika na namba iko juu sana. Musawo (daktari ama mhudumu wa afya) atafanya nini tofauti?

Swali zuri na wengi hawaliulizi. Namba haitibu. Kama iko juu, mtoto anapelekwa mbele ya foleni, analazwa karibu na dawati la nesi, anapimwa oksijeni na sukari na damu, dawa ya mshipa inaanza mapema, na kama ni kituo kidogo anasafirishwa sasa, si kesho. Kama iko chini na hana dalili mbaya, anaweza kupata dawa za kumeza, amoksisilini kwa nimonia ama ya malaria kama ni malaria, akarudi kuangaliwa. Wodi inapumua, kitanda kinabaki kwa anayekihitaji.

Lakini kukiwa hakuna oksijeni, kujua mtoto yuko fungu la juu ni kujua tu. Bahati ni kwamba Jinja hiyo hiyo ndiko walikojaribu mashine za oksijeni zinazokula sola, na Kambuga kule Kanungu pia, na zilifanya kazi kwenye wodi za watoto wenye nimonia bila kungoja umeme wala mitungi. Hivi vitu viwili vinatakiwa kwenda pamoja.

## Kesi za pembeni

15. Mgonjwa ana virusi vya UKIMWI ama TB, namba inaaminika?

TB ya mapafu inaweza kuipandisha. UKIMWI uliofika mbali unaleta maambukizi mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo namba ya juu itakwambia hali ni mbaya lakini haitakwambia ni nimonia ya kawaida, ni ile ya fangasi wa Pneumocystis, ama ni TB. Kwa TB kipimo ni makohozi kwenye mashine ya GeneXpert, hicho kipo kwenye hospitali nyingi za Uganda, usikiache ukakimbilia kitu kingine. Na mtoto mwenye virusi anayepumua mbio asitibiwe nyumbani kama wengine, apelekwe.

16. Kuna magonjwa yanayoipandisha bila maambukizi yoyote?

Yapo. Kongosho lililowaka, vidonda vya tumbo, mapafu ya wavutaji wa muda mrefu, mtu aliyesimama moyo akarudishwa, hata upasuaji mkubwa wa moyo. Figo zikishindwa pia huonekana juu. Kwa mtoto mdogo wa kijijini haya mengi hayahusiki, lakini kwa mzee wa miaka 65 anayevuta sigara na ana kikohozi cha miaka, namba inahitaji mtu anayejua historia yake. Ndio maana matokeo ya watoto wa Jinja usiyabebe yakiwa mazima ukayaweka kwa babu.

Vile vile watoto wa chini ya miezi 2 hawakuwemo kwenye utafiti ule. Kwa kichanga sheria inabaki ile ile ya zamani: homa, ama baridi isiyo ya kawaida, ama amegoma kunyonya, ni hospitali moja kwa moja.

17. Kuna dawa ya kuzima TREM-1?

Kuna moja inajaribiwa, inaitwa nangibotide, ya kampuni ya Inotrem ya Ufaransa. Ni kipande kifupi cha protini kinachoenda kuvizuia vile vitu visiguse TREM-1, kinapitishwa kwenye mshipa, na kimejaribiwa kwa watu wazima wa ICU. Majaribio ya sepsisi kali yaliyotangazwa mwaka 2023 yalikuwa na wagonjwa 355. Ushindi wa wazi haukupatikana, ila wale waliokuwa na sTREM-1 ya juu sana walionekana kupata nafuu zaidi kwenye viungo. Hapo utaona namba inapata kazi ya pili: kuchagua nani apewe dawa. Maana ukimpa yule ambaye TREM-1 yake inafanya kazi ya kusafisha mapafu tu, unaweza kurudi kwa wale panya wa swali la 4.

Kwa watoto wenye nimonia Uganda, hii dawa haipo na haina kazi yoyote leo. Antibayotiki, oksijeni, maji na chakula ndivyo vinavyookoa.

18. Nikinywa tangawizi, limau ama mululuza (yale majani machungu ya dawa) namba itashuka?

Itashuka ugonjwa ukipona. Hakuna chakula kinachojulikana kuishusha, na hata kingekuwepo, kushusha namba huku bakteria wamekaa mapafuni ni sawa na kuzima taa ya onyo kwenye gari. Tangawizi ya moto kwa kikohozi cha mtu mzima sina ugomvi nayo. Mululuza kwa mtoto mdogo anayepumua mbio, tafadhali, hapana, maana anaanza kutapika na unashindwa kujua anatapika ugonjwa ama anatapika dawa.

19. Mtoto wangu amepata chanjo zote, bado hii inanihusu?

Chanjo ya nimokoka iliingia kwenye ratiba ya Uganda mwaka 2013, inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya Hib ilishakuwemo ndani ya sindano ya mchanganyiko tangu mwaka 2002. Hizo mbili zinafunga njia kwa bakteria wanaoleta nimonia mbaya zaidi kwa watoto. Hazifungi kwa wote, na virusi hazigusi kabisa, kwa hiyo mtoto aliyechanjwa akianza kupumua mbio rudi swali la 13 kama mwingine yeyote. Kama kadi ina nafasi tupu, mpeleke hata kama amechelewa, musawo atakupangia.

20. Mimi ni mwanafunzi wa maabara, nimepima sTREM-1 na namba zangu hazifanani na za ripoti nilizosoma. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote. Kiti za elaiza (pakiti za vifaa vya maabara vya kupimia, kit za ELISA) hazitumii kingamwili zile zile, na mashine zinazopima alama nyingi kwa mpigo zina vipimo vyao, kwa hiyo 300 ya kwenye kiti yako si lazima iwe 300 ya kwenye kiti ya mwingine. Mpaka wa namba, ule wa kutenga walio hatarini na wasio, hauhami toka kiti moja kwenda nyingine. Ukibadilisha kiti, tafuta mpaka upya kwa wagonjwa wako.

Angalia pia sampuli. Seramu na plazma usizichanganye kwenye kazi moja. Damu iliyokaa muda mrefu kwenye joto kabla ya kuzungushwa, seli zinaendelea kukata vipokezi ndani ya chupa, namba inapanda bila mgonjwa kujua. Na friza ya chuo umeme ukikatika wikendi, sampuli zinayeyuka na kuganda tena, kwa hiyo gawa kila sampuli kwenye vichupa vidogo toka siku ya kwanza, andika kila mara friza ilipozima, na zile zilizoyeyuka zaidi ya mara moja zitenge usizitumie kutafutia mpaka.